Maisha ya Booker T. Washington, Mkuu wa Tuskegee na Baba wa Jamaa

Baada ya hesabu za fedha na taarifa za kamati, tumeona vema kuwawekea wasomaji wetu kurasa chache za maisha ya mtu aliyekwisha kutangulia, ili wazee wapate la kuwasimulia watoto jioni, na vijana wapate la kufikiri. Safari hii tumemchagua Booker T. Washington wa Marekani, aliyefariki mwaka 1915. Hatukumchagua kwa sababu ya sifa zake tu, maana sifa zake zimekwisha kuenea. Tumemchagua kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi ya mikono, mpenda shamba na wanyama, na tena kichwa cha jamaa kubwa, ambaye kazi yake ilimtenga na nyumba yake muda mrefu kila mwaka. Wengi wetu ambao riziki imetuleta mjini na kuwaacha wake na watoto mashambani tutaitambua shida hiyo bila kuelezwa.

Booker alizaliwa mtumwa mwaka 1856, katika shamba la tumbaku la James Burroughs, wilaya ya Franklin, jimbo la Virginia. Mama yake, Jane, alikuwa mpishi wa shamba hilo. Baba yake alikuwa mzungu, lakini mtoto hakupata kumjua wala kusaidiwa naye kwa lolote. Jane alikaa na watoto wake watatu, John, Booker na Amanda, katika kibanda cha magogo ambacho kilikuwa jiko la shamba zima. Sakafu ilikuwa ya udongo mtupu, na watoto walilala juu ya matambara. Kula pamoja mezani kama watu wa nyumba moja hawakukujua. Kila mtoto alipewa kipande chake, akala pale alipopata nafasi.

Mtumwa mdogo hakukosa kazi. Booker alifagia ua, akawapelekea watu maji mashambani, na mara moja kwa juma alipeleka mahindi kinuni, mwendo wa maili tatu hivi. Gunia liliwekwa juu ya mgongo wa farasi, na mara nyingi lilikwenda upande mmoja likaanguka, na mtoto pamoja nalo. Hakuwa na nguvu za kulirudisha, basi alikaa kando ya njia akilia, hata apite mtu mwenye huruma. Shati alilovaa lilifumwa kwa kitani kibaya kilichochoma mwili kama miiba, na kaka yake John alikuwa akilivaa kwanza siku kadhaa ili kulilainisha, ndipo alipompa mdogo wake. Jambo hilo Booker hakulisahau maisha yake yote. Kadhalika hakusahau kwamba alimbebea binti wa bwana wake vitabu mpaka mlango wa shule, na hapo mlangoni ndipo haki yake ilipokoma.

Vita vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, watumwa wa shamba lile waliitwa mbele ya nyumba kubwa, wakasomewa hati na kuambiwa kwamba wako huru. Jane aliinama akawabusu watoto wake huku machozi yakimtiririka. Baada ya hayo jamaa ilifunga safari ya majuma kadhaa kwenda Malden, katika West Virginia, ambako mume wa Jane, Washington Ferguson, alikuwa amepata kazi katika matanuri ya chumvi. Vyombo vichache walivyokuwa navyo viliwekwa katika mkokoteni, na watoto wakaenda kwa miguu sehemu kubwa ya njia.

Huko uhuru ulikuja pamoja na jasho. Mtoto wa miaka kama 9 aliamshwa saa kumi za usiku kwenda kufunga chumvi katika mapipa. Kila mfungaji alikuwa na namba yake, na namba ya baba yake wa kambo ilikuwa 18. Namba hiyo ndiyo maandishi ya kwanza ambayo Booker alipata kuyatambua, kabla hajajua herufi hata moja. Alipomwomba mama yake kitabu, Jane, ambaye mwenyewe hakujua kusoma, alitafuta hata akampatia kitabu cha kujifunzia herufi. Shule ya watu weusi ilipofunguliwa, baba wa kambo hakukubali kupoteza mshahara wa mtoto. Kwanza Booker alisoma usiku. Kisha ikapatanwa kwamba afanye kazi alfajiri mpaka saa tatu, aende shule, na kurudi kazini jioni. Kwa kuwa shule nayo ilianza saa tatu na ilikuwa mbali, kijana alisogeza mbele mishale ya saa ya ofisini ili afike kwa wakati, mpaka msimamizi alipotambua hila hiyo na kuifungia saa ndani ya sanduku. Baadaye yeye mwenyewe alisimulia jambo hilo waziwazi, bila kujisifu kwalo.

Shuleni aliona watoto wengine wana majina mawili au matatu, naye alikuwa na moja tu. Mwalimu alipomwuliza, alijibu papo hapo kwamba jina lake ni Booker Washington. Watoto wengine walikuwa na kofia za dukani. Mama yake hakutaka kukopa ili kumnunulia. Alishona pamoja vipande viwili vya kitambaa cha nyumbani, akamvika. Wenziwe walimcheka. Alipokuwa mtu mzima aliyealikwa na matajiri, aliendelea kuiheshimu kofia ile kuliko zote alizopata kuvaa, kwa kuwa haikununuliwa kwa deni.

Baada ya chumvi alifanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe, akauchukia kwa giza lake. Humo alisikia watu wawili wakizungumza juu ya shule ya Hampton, katika Virginia, ambako kijana maskini mweusi aliweza kulipa chakula chake kwa kazi ya mikono. Kabla ya kwenda, alitumikia katika nyumba ya Jenerali Lewis Ruffner. Bibi Viola Ruffner alijulikana kwa ukali, na watumishi wengi walimkimbia. Booker alijifunza haraka kwamba bibi huyo hakutaka ila mambo matatu: usafi, kazi iliyokamilika, na ukweli. Aliuza mboga za bustani yake na kumletea hesabu pasipo kupungua senti. Tangu hapo hakuweza tena kupita penye karatasi iliyotupwa uani asiiokote, wala penye ubao uliong'oka asitamani kuupigilia msumari.

Mwaka 1872 alianza safari ya Hampton, maili 500 hivi. Wazee waliozaliwa na kuzeekea utumwani walimletea walichokuwa nacho, huyu senti chache, huyu kitambaa cha mkononi, maana hawakutumaini kwamba wangepata kumwona mtoto wa kwao akienda shule ya bweni. Alipofika mji wa Richmond alikuwa hana hata senti. Alilala usiku kadhaa chini ya njia ya mbao ya waenda kwa miguu, huku nyayo za watu zikipita juu ya kichwa chake, na mchana alipakua chuma katika meli apate nauli na chakula. Alifika Hampton na senti 50 mfukoni, mchafu na mchovu, na mwalimu mkuu wa kike, Mary Mackie, akasita kumpokea. Hatimaye alimpa ufagio, akamwambia asafishe chumba kimoja. Booker alikifagia mara tatu, akakipangusa vumbi mara nne, kuta, madawati na pembe zote. Mwalimu alipapasa mbao kwa kitambaa chake cheupe asione hata chembe ya vumbi. Huo ndio uliokuwa mtihani wa kuingia chuo, na mtahiniwa alishinda.

Hampton alipewa kazi ya kutunza majengo ili kulipa chakula chake. Huko alijua kwa mara ya kwanza kula kwa saa maalumu, kuoga kila siku na kutumia mswaki. Shuka mbili za kitandani zilimtatanisha: usiku wa kwanza alilala chini ya zote mbili, usiku wa pili juu ya zote mbili, na usiku wa tatu akawatazama wenziwe akajua. Mkuu wa chuo, Jenerali Samuel Armstrong, alimfundisha kwamba elimu isiyomsaidia mtu kuwatumikia wenziwe ni mzigo. Katika likizo ya mwaka 1874 Booker alirudi Malden. Siku moja alikwenda mbali kutafuta kazi asipate, na usiku, akiwa amechoka, alilala katika nyumba tupu karibu na kwao. Saa tisa za usiku kaka yake John alimkuta humo, akamwambia kwamba mama yao amefariki. Yeye ambaye alitamani kumwonyesha mama yake matunda ya elimu hakupata nafasi hiyo.

Hapa ndipo tunapoanza kumwona kichwa cha jamaa. John alikuwa amefanya kazi ili kumsaidia mdogo wake asome. Booker alipomaliza mwaka 1875 na kuwa mwalimu wa Malden, alifanya zamu yake: alimfundisha John, akamsaidia kwenda Hampton, na kisha wawili hao wakamsaidia James, mtoto ambaye mama yao alimlea. Miaka ilipopita John akawa msimamizi wa kazi za ufundi Tuskegee, na James akashika posta ya huko. Hivyo watoto wa kibanda kimoja walipandishana mmoja baada ya mwingine, wala hakuna aliyeachwa chini.

Mwaka 1881 watu wa mji mdogo wa Tuskegee, katika jimbo la Alabama, walimwandikia Jenerali Armstrong wakitaka mwalimu wa kuanzisha chuo cha walimu weusi. Wawili waliolisukuma jambo hilo walikuwa Lewis Adams, fundi aliyekuwa mtumwa, na George Campbell, mfanya biashara mzungu aliyekuwa bwana wa watumwa. Serikali ya jimbo ilikuwa imetoa dola 2,000 kwa mwaka kwa mishahara tu. Kijana wa miaka 25 alipofika hakukuta uwanja wala nyumba. Alifungua chuo tarehe 4 Julai 1881 na wanafunzi 30, katika kibanda kibovu kando ya kanisa. Mvua iliponyesha, mwanafunzi mmoja aliacha kitabu akamshikia mwalimu mwavuli ili somo liendelee.

Baada ya muda si mrefu ilipatikana nafasi ya kununua shamba lililochoka, eka 100, kwa dola 500. Mweka hazina wa Hampton, Jenerali Marshall, alimkopesha Booker dola 250 kutoka mfuko wake mwenyewe za kutanguliza. Mnyama wa kwanza wa chuo alikuwa farasi mzee kipofu, zawadi ya mzungu mmoja wa mjini. Mwalimu alipotangaza kwamba mchana baada ya masomo watakwenda kufyeka msitu, wanafunzi walinung'unika. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuwa walimu wa vijijini, na walidhani kwamba mtu husoma ili aepukane na jembe. Booker hakuwagombeza, alichukua shoka lake akatangulia msituni. Walipomwona mkuu wao akikata miti, waliona haya, wakamfuata. Kwa mchana mmoja mmoja walisafisha eka 20 hivi, wakapanda.

Fedha za deni zilitafutwa hasa na Olivia Davidson, mwalimu mwenziwe, aliyepita nyumba kwa nyumba, kwa weusi na kwa weupe. Siku moja kikongwe wa miaka kama 70, aliyekuwa mtumwa, alikuja akijikongoja kwa fimbo, nguo zake matambara lakini safi, akatoa mayai 6 yaliyokuwa mali yake yote, akaomba yatiwe katika elimu ya vijana. Booker alipokea baadaye zawadi za maelfu ya dola, na mwaka 1903 tajiri Andrew Carnegie alikipa chuo dola 600,000. Lakini aliandika kwamba hakuna zawadi iliyomgusa moyo kama mayai yale. Watunza hazina wa vyama vidogo kama chetu wataelewa sababu.

Kisha ikaja habari ya matofali. Mji ule haukuwa na tanuru la matofali, na chuo kilihitaji majengo. Walimu na wanafunzi walisimama katika shimo la udongo mpaka magotini, na baadhi ya vijana wakaacha chuo kwa kuichukia kazi ile. Tanuru la kwanza liliharibika. La pili likaharibika. La tatu lilikuwa karibu kuiva, likaporomoka usiku. Fedha zilikuwa zimekwisha, na walimu wakamshauri mkuu aache. Booker alichukua saa yake, akaenda nayo mji wa Montgomery, akaiweka rehani kwa dola 15, akarudi na kuanza tanuru la nne. Hilo likaiva vema. Saa hakuikomboa tena, lakini hakuijutia. Ulifika msimu ambapo wanafunzi walifyatua na kuchoma matofali 1,200,000 yaliyofaa kuuzwa popote. Wazungu wa jirani ambao hawakupendezwa na chuo walikuja kununua matofali kwa kuwa yalikuwa mazuri, na kwa kuuziana wakaanza kusemezana. Tofali zuri lilifanya kazi ambayo hotuba haikuiweza.

Sasa tuitazame nyumba yake. Mwaka 1882 Booker alimwoa Fannie Smith wa Malden. Walipata binti, Portia, na mwaka 1884 Fannie akafariki. Mwaka 1885 alimwoa Olivia Davidson, yule mwenziwe katika taabu za mwanzo, wakapata wana wawili, Booker na Ernest Davidson. Olivia naye alifariki mwaka 1889, akamwachia mumewe mtoto mchanga. Mtu aliyefiwa na wake wawili kabla ya kutimiza miaka 35, akiwa na watoto watatu na chuo kinachodai mkate kila asubuhi, angeweza kusamehewa kama angevunjika moyo. Yeye hakuacha kazi wala watoto. Baadaye alimwoa Margaret Murray, mwalimu wa Tuskegee, aliyewalea watoto hao na kuongoza mafundisho ya wasichana na akina mama wa vijijini.

Chuo kiliishi kwa michango, na michango ilipatikana kaskazini. Kwa hiyo Booker alikuwa safarini kama nusu ya kila mwaka, akilala katika magari ya moshi na nyumba za wageni, akihutubia mikutano miwili au mitatu kwa siku moja. Aliandika kwamba alimwonea wivu mtu awezaye kurudi kwake kila jioni. Aliporudi Tuskegee, saa zake za raha alizitoa kwa nyumba. Baada ya chakula cha jioni aliketi na mkewe na watoto, wakasoma hadithi au kusimuliana kwa zamu. Jumapili alasiri aliwachukua wote msituni, wakae chini ya miti, wasikilize ndege na kunusa maua ya porini.

Michezo ya karata na mipira hakuijua, kwani utotoni mwake hapakuwa na saa ya kucheza. Mchezo wake ulikuwa bustani. Alipenda kushika udongo kwa mkono, kupanda na kupalilia, na alisema kwamba humo alipata nguvu za kurudia kazi ngumu za ofisini. Alifuga kuku na nguruwe wa mbegu bora, na katika wanyama wote nguruwe ndiye aliyempenda zaidi. Asubuhi mapema alipanda farasi akazunguka shamba, mazizi na karakana, na wasimamizi walijua kwamba ua uliovunjika au ng'ombe aliyekonda ataonekana kabla ya kengele ya kwanza. Mboga za mezani zilitoka katika bustani yake mwenyewe, naye alijisifu kwazo, ingawa alikuwa pia na shahada ya heshima aliyopewa na chuo cha Harvard mwaka 1896.

Watoto wake hawakulelewa kitajiri. Booker mdogo alijifunza uashi wa matofali, akaupenda. Portia alijifunza ushonaji pamoja na muziki, na baadaye alipelekwa mpaka Berlin, katika Ujerumani, kujifunza piano. Baba aliwataka wote wawe na kazi ya mkono hata kama wangekuwa na vipawa vingine. Hakuona kwamba piano na sindano zinagombana.

Likizo yake ya kwanza tangu mwaka 1881 aliipata mwaka 1899, pale marafiki walipochanga fedha na kumlazimisha asafiri Ulaya pamoja na Margaret. Melini alilala usingizi saa 15 kwa siku, siku nyingi mfululizo. Ndipo alipotambua jinsi alivyokuwa amechoka. Hata hivyo, katika Uholanzi alitumia siku zake za mapumziko kutazama jinsi wakulima wanavyofuga ng'ombe wengi katika eka chache.

Kazi ya chuo haikubaki ndani ya ua. Tangu mwaka 1892 wakulima weusi waliitwa Tuskegee kila mwaka kuzungumza juu ya madeni, mbegu na nyumba zao. Mwaka 1896 Booker alimleta George Washington Carver, bingwa wa kilimo, na mwaka 1906 gari la kukokotwa na nyumbu lilianza kupeleka mafundisho ya shamba mpaka kwa mkulima asiyeweza kuja chuoni. Kuanzia mwaka 1912 alipatana na tajiri Julius Rosenwald kujenga shule za watoto vijijini kwa fedha za pande mbili, tajiri akitoa fungu na wanakijiji wakitoa fungu. Hata mwaka 1932 shule zilizojengwa hivyo zilikuwa karibu 5,000. Fundisho lile la kuchangia kwanza ndipo usaidiwe halitakuwa geni kwa msomaji yeyote wa Kenya.

Si haki kuandika maisha ya mtu kwa kutaja mema pekee. Tarehe 18 Septemba 1895, mjini Atlanta, Booker alitoa hotuba mbele ya weupe na weusi, akawashauri watu wake waanze na kazi, ufundi na mali, na wasiharakishe kudai usawa wa kukaa pamoja. Weupe wengi walishangilia. Lakini miaka hiyo hiyo watu weusi wa kusini walikuwa wakinyang'anywa kura, na wengine wakiuawa na makundi bila hukumu. Alabama ilitunga katiba ya mwaka 1901 iliyowaondolea kura karibu wote. Mwanachuoni W. E. B. Du Bois, katika kitabu chake cha mwaka 1903, alimlaumu kwamba amewafundisha watu kunyenyekea mahali pa kudai, na kwamba mtu asiye na kura hawezi kuilinda mali yake hata akiipata. Lawama hiyo ilikuwa nzito, na nyingi ya maneno yake yalithibitishwa na wakati.

Hata hivyo, barua zake zilizofunguliwa baada ya kufa kwake zimeonyesha upande ambao watu wa zamani zake hawakuuona. Kwa siri alitafuta na kutoa fedha za mawakili kupinga sheria za kuwanyima weusi kura katika Alabama, akiandikiana na wenziwe kwa majina ya kificho, maana habari hizo zingejulikana, chuo kingeweza kuchomwa moto. Zimeonyesha pia kwamba hakupenda kupingwa, na kwamba aliwapeleleza wapinzani wake. Nasi twaona kwamba alibeba mzigo wa kuwa na nyuso mbili kwa ajili ya watoto wapatao 1,500 waliolala katika mabweni yake. Kama alipima sawasawa, au kama aliwalipisha watu wake bei kubwa mno kwa amani ile, ni swali ambalo wasomaji wataendelea kulijadili; nasi hatulifungi.

Swali hilo lilifika mpaka kwetu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, pamoja na Dakta James Aggrey wa Gold Coast, ilizunguka Kenya ikisifu elimu ya Hampton na Tuskegee, na mwaka 1925 ikafunguliwa shule ya Jeanes, Kabete, kwa mfano huo. Walimu waliotoka huko walipeleka vijijini maarifa ya afya, bustani na ujenzi, na faida yake ilionekana. Lakini wazee wetu waliona hatari pia: kwamba katika mikono ya serikali ya kikoloni fundisho la jembe lingeweza kugeuzwa ukuta wa kuwazuia watoto wao wasifikie elimu ya juu. Booker alitumia jembe kumwinua mtoto wa mtumwa. Wengine walilisifu jembe lile lile ili mtoto abaki pale pale. Tofauti iko katika nia ya mwenye kulitoa, na katika mlango unaoachwa wazi mbele ya mwanafunzi.

Mapema Novemba 1915 Booker alianguka mgonjwa akiwa New York. Shinikizo la damu na kazi za miaka mingi zilikuwa zimemmaliza. Madaktari walimwambia siku zake ni chache, naye akataka apelekwe nyumbani, kwa kuwa alizaliwa kusini, akafanya kazi kusini, na alitaka kufa na kuzikwa kusini. Margaret alisafiri naye kwa gari la moshi. Walifika usiku, na asubuhi ya tarehe 14 Novemba 1915 akafariki, umri wake miaka 59. Alizikwa Tuskegee, katika ardhi aliyoifyeka kwa shoka lake, karibu na majengo ya matofali ya wanafunzi wake. Aliacha majengo zaidi ya 100 na akiba ya chuo iliyokaribia dola 2,000,000. Chuo hicho, ambacho tangu mwaka 1985 kinaitwa Chuo Kikuu cha Tuskegee, kingali kinafundisha.

Wasomaji wetu, hatuwaombi mkubali kila alilolifanya mtu huyu. Twawaomba mkumbuke mambo ambayo hayana ubishi: kwamba kaka alimsomesha mdogo na mdogo akamrudishia kaka, kwamba mkuu wa chuo alitangulia msituni kabla ya kumtuma mwanafunzi, kwamba tanuru tatu zilizovunjika hazikumzuia kuwasha la nne, na kwamba baba aliyekuwa safarini nusu ya mwaka, aliporudi, aliwapa watoto wake jioni yake na alasiri yake ya Jumapili. Hayo hayahitaji mali wala ruhusa ya serikali. Mungu atujalie tuyafanye katika nyumba zetu, mjini na mashambani.